Maisha ya Bwana Moreau, Aliyehesabu Ndege wa Amani

Mara nyingi tukiandika maisha ya watu mashuhuri huchagua wafalme, majemadari na wasafiri waliovumbua mito na maziwa. Leo nataka kuwaelezeni habari za mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakuvumbua ziwa lo lote. Alikuwa mwandishi wa ofisini, tena mgonjwa wa viungo, na sifa yake aliipata kwa kutazama ndege karibu na nyumba aliyokaa. Jina lake ni Reginald Ernest Moreau. Wataalamu wa ndege duniani kote wanamjua vizuri, lakini hapa kando ya Ziwa Mweru sijamsikia mtu akimtaja, ijapokuwa ndege aliowaandika twawaona kila siku juu ya vichwa vyetu.

Bwana Moreau alizaliwa Uingereza tarehe 29 Mei 1897, katika mji wa Kingston, jimbo la Surrey. Utoto wake haukuwa wa raha. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, baba yake aligongwa na mlango wa gari la moshi uliokuwa umeachwa wazi, na tangu siku hiyo baba huyo hakuwa tena mtu yule yule wa zamani. Kijana alizoea kutembea katika mashamba ya Surrey, na huko ndiko alikoanza kupenda ndege. Alipomaliza shule hakwenda chuo kikuu. Alifanya mtihani wa kuingia kazi ya serikali, akafaulu, akapewa kazi ya kukagua hesabu za jeshi. Basi tangu mwanzo kazi yake ilikuwa tarakimu: kuhesabu, kulinganisha, na kuandika katika daftari bila kuruka mstari. Nawaombeni mlishike jambo hili, kwa maana ndilo ufunguo wa maisha yake yote.

Akiwa bado kijana alishikwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Viungo vilivimba na kukakamaa, na hewa ya Uingereza yenye baridi na unyevu ilimzidishia maumivu. Akashauriwa aende nchi yenye jua, naye akaomba kuhamishiwa ofisi ya hesabu za jeshi iliyokuwa Kairo, katika Misri. Alifika huko mwaka 1920. Mtu mwingine angalihesabu safari ile kuwa mwisho wa matumaini yake. Yeye alijifunza Kiarabu cha watu wa mitaani, na siku za mapumziko akaenda jangwani na katika mashamba ya mto Nili kutazama ndege wanaopita kutoka Ulaya kwenda kusini na kurudi tena. Huko Misri alikutana na mwanamke mmoja Mwingereza aliyependa ndege kama yeye, Bibi Winifred. Ukoo wake Bibi huyo uliitwa Bird, na kila aliyesoma Kiingereza shuleni ajua kuwa maana yake ni ndege. Wakaoana mwaka 1924.

Mwaka 1928 walihamia Tanganyika, mahali paitwapo Amani. Amani ni katika milima ya Usambara ya Mashariki, nyuma ya Tanga, juu kiasi cha futi 3,000, penye msitu mnene na mvua nyingi. Wajerumani walianzisha pale chuo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na baada ya vita ya kwanza ya dunia Waingereza wakakiendeleza kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki. Walimu na wataalamu wa Amani walikuwa watu wa mimea, wadudu na udongo. Bwana Moreau hakuwa mtaalamu miongoni mwao. Kazi yake ilikuwa ya maktaba na ya ofisi. Hakuna aliyemwajiri atazame ndege. Hilo alilifanya kabla ya saa za kazi, baada ya kazi na siku za mapumziko, katika bustani na katika msitu uliozunguka nyumba za chuo, na mke wake alikuwa mwenzake katika kila jambo.

Yafaa sasa nieleze jinsi watu wa siku zile walivyojifunza habari za ndege. Njia iliyozoeleka ilikuwa bunduki. Ndege alipigwa, akachunwa, ngozi yake ikajazwa pamba na kupelekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kwa njia hiyo watu walijua rangi ya manyoya, urefu wa bawa na umbo la mdomo. Bwana Moreau naye alikusanya ngozi za namna hiyo, na si haki kulificha jambo hilo. Njia ya pili, iliyokuwa mpya zaidi, ilikuwa picha. Huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na baadaye walijenga hata maficho ya kila namna ili ndege wasiwaone wakiwakaribia na mashine yao. Mmoja wao, Cherry, alifika Kenya mwaka 1909 na kupiga picha za wanyama wa huko.

Lakini ngozi haisemi neno juu ya maisha ya ndege, na picha husema habari za nukta moja tu ya siku. Ukiwa na picha nzuri ya mama ndege juu ya kiota, bado hujui alikuja mara ngapi tangu asubuhi, wala alikaa juu ya mayai muda gani, wala kama baba alimsaidia au alikaa tu tawini akiimba. Kwa maswali hayo ilitakiwa njia ya tatu, nayo ndiyo aliyoichagua Bwana Moreau: kukaa kimya karibu na kiota kimoja tangu mapambazuko hata giza, na kuandika kila tendo pamoja na saa yake. Yule mkaguzi wa hesabu za jeshi sasa alikagua hesabu za viota.

Kazi hii hakuifanya peke yake, wala asingeliweza. Aliwafundisha Waafrika wa pale Amani kukaa zamu mbele ya viota, akawalipa mshahara, na madaftari yao ndiyo yaliyomfanya ajue mambo ambayo Ulaya haikuwa nayo. Mwafrika mmoja aliyefanya naye kazi miaka mingi alikuwa Bwana Salimu Asmani, mtu hodari wa msituni, aliyeweza kumpata ndege ambaye wengine walipita chini yake bila kumwona. Twaona basi kwamba vitabu vina jina la mmoja juu ya jalada, lakini macho yaliyotazama yalikuwa mengi.

Nitatoa mfano mmoja ili msomaji apime mwenyewe. Wengi wetu twamjua hondohondo, ndege mkubwa mwenye mdomo mzito na sauti ya kelele. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti, kisha tundu huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo jike hukaa kama mfungwa, na chakula chake chote, na cha mtoto akishaanguliwa, huletwa na dume. Bwana na Bibi Moreau walichunguza hondohondo wa msitu wa Amani na kuandika habari zake mwaka 1941. Kwa muda wa siku 120 hivi, walikadiria, dume alikuja kwenye ule ufa mara 1,600 na kuleta matunda 24,000. Fanyeni hesabu wenyewe: ni safari kumi na tatu kila siku, na kila safari matunda kumi na matano, akiyatoa kooni moja moja na kuyapitisha ufani. Kabla ya hapo watu walikuwa wakistaajabu tu kuhusu hondohondo. Baada ya hesabu ile walijua jike na mtoto wake hugharimu nini, na ni matunda mangapi ambayo msitu lazima utoe ili familia moja ya hondohondo iishi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena hesabu hizo zilifungua swali kubwa zaidi. Bwana Moreau alikusanya habari za mayai ya ndege wa Afrika, maelfu ya viota, akayalinganisha na ya ndege wa jamaa zao wa Ulaya. Akaona kwamba ndege wa nchi zetu za joto hutaga mayai machache, mara nyingi mawili au matatu, na wenzao wa Ulaya hutaga manne, matano au zaidi. Aliyaandika hayo mwaka 1944. Kwa nini iwe hivyo? Mtaalamu mmoja wa Oxford, David Lack, alisema kuwa ndege hutaga kadiri ya watoto anaoweza kuwalisha, na kwamba siku za kiangazi cha Ulaya ni ndefu kuliko zetu, hivyo wazazi wana saa nyingi zaidi za kutafuta chakula. Wengine walisema sababu ni nyoka na wezi wengine wa viota, ambao ni wengi katika nchi za joto. Mjadala huo haujaisha hata leo. Lakini mtu ye yote akiujadili hulazimika kuanza na hesabu za yule mtu wa maktaba ya Amani.

Heshima aliipata. Ndege mdogo wa msituni aliyepatikana pale Amani alipewa jina lake mwaka 1931, na leo ndege huyo aonekana katika Usambara ya Mashariki na katika uwanda mmoja wa juu kaskazini ya Msumbiji, basi. Ni wachache mno, na msitu wao ukikatwa hawana mahali pengine pa kwenda. Mwaka 1938 Bwana Moreau naye alimpa ndege mwingine wa milima ya Uluguru jina la mke wake Winifred. Msomaji wa Zambia aweza kuuliza kama Mwafrika aliwahi kupewa heshima ya namna hiyo. Naam. Tarehe 6 Septemba 1964, upande wa Kabompo katika nchi hii ya Zambia, alipatikana ndege mmoja mdogo ambaye wataalamu Benson na Irwin walimpa jina la Jali Makawa, Mwafrika wa Nyasaland aliyemtafutia Benson ndege kwa miaka mingi. Hajaonekana wa pili, na wataalamu wanabishana kama kweli ni aina ya peke yake, lakini jina la Makawa limo vitabuni.

Mwaka 1946 afya ya Bwana Moreau ilimlazimisha kuiacha Afrika. Alirudi Uingereza, akafanya kazi katika Oxford, na tangu mwaka huo hata 1960 alikuwa mhariri wa jarida kubwa la ndege liitwalo Ibis. Kisha akawa rais wa chama cha wataalamu wa ndege wa Uingereza hata 1965. Mtu asiyekwenda chuo kikuu sasa alisahihisha maandishi ya maprofesa. Alikaa katika kijiji kidogo kiitwacho Berrick Salome, na huko alifanya jambo ambalo mimi nalipenda sana: aliwaendea wazee wa kijiji, akawauliza jinsi watu walivyoishi pale mnamo mwaka 1900, akayaandika majibu yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1968. Subira aliyokuwa nayo mbele ya viota alikuwa nayo mbele ya wazee pia.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya ndege wasafiri. Kila mwaka, Ulaya na Asia zinapoingia baridi, ndege wasiohesabika huvuka bahari na jangwa la Sahara kuja kwetu, na baadaye hurudi kwao kutaga. Bwana Moreau alikadiria kuwa ndege wa nchi kavu wanaokuja hivyo ni kama milioni 5,000. Mwaka 2009 wataalamu wengine walirudia hesabu kwa njia mpya wakapata kama milioni 2,100. Bado ni wengi kupita fikira. Aliandika kitabu hiki akiwa mgonjwa. Alifariki tarehe 30 Mei 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1972.

Sasa nitasema kwa nini nimemchagua mtu huyu. Wengi wetu tunaosoma kurasa hizi za Kiswahili tulitoka ng'ambo ya mpaka, katika Kongo, mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Mwaka 2017 tulipokimbia vita tulipokelewa Kenani, hapa wilayani Nchelenge, na mwaka 2018 wengi wetu tukahamishiwa Mantapala. Tuliopita Kenani twajua kuhesabiwa ni nini. Tulihesabiwa vichwa kwa ajili ya unga, kwa ajili ya maturubai, kwa ajili ya magari. Lilikuwa jambo la lazima, na waliotuhesabu walitutakia mema. Hata hivyo mtoto anayehesabiwa kila siku huanza kujiona kuwa tarakimu, na mimi kwa muda mrefu sikupenda hesabu za watu wala za kitu kingine.

Nilipopata kusoma habari za Amani niliona hesabu ya namna nyingine. Mtu hakuhesabu ili agawe, wala ili atawale. Alihesabu kwa sababu alitaka kujua kiumbe mmoja mdogo anaishije, na ni taabu ngapi humpata anayemlisha. Basi nikajaribu. Mwezi wa Novemba mbayuwayu wenye michirizi walijenga kiota cha udongo chini ya dari ya bweni letu. Nilikaa kwenye ngazi na daftari siku tatu za Jumamosi, saa moja asubuhi hata saa nne, nikiandika kila mzazi aliporudi na chakula. Saa iliyokuwa na safari nyingi kabisa ilikuwa na safari ishirini na mbili. Na saa moja mvua iliponyesha, safari zilikuwa tatu tu, na watoto walilia. Sikupata kujua jambo jipya kwa dunia. Lakini nilimkumbuka mama yangu, aliyesimama katika foleni za Kenani siku za mvua, na kwa mara ya kwanza nilitaka kujua alisimama mara ngapi. Nilimwuliza wakati wa likizo. Alicheka, kisha tukaketi tukajaribu kuhesabu pamoja, mwezi kwa mwezi, hata usiku ukaingia.

Wenzangu, simlaumu mwenye njaa akitega ndege apate kitoweo. Mimi mwenyewe nimekula ndege wa mtego, na nilishukuru. Lakini yule apigaye manati kutoka dirishani ili wenzake wacheke, huyo ningemwomba aketi nusu saa tu mbele ya kiota kabla ya kutupa jiwe. Nanyi mnaolalamika kuwa hamna kamera wala darubini, mtazameni Bwana Moreau. Alikuwa na viungo vyenye maumivu, mshahara wa ofisini, kalamu na karatasi, na watu wa mahali alipokuwa. Sisi hapa tuna ziwa zima: furukombe juu ya miti ya ufukoni, mdiria wakizamia visamaki, mnana wakisuka viota katika matete, na kila mwezi wa Oktoba mbayuwayu kutoka Ulaya, wasiokuwa na pasi ya kusafiria. Habari zao nyingi hazijaandikwa na mtu.

Mwalimu wetu wa sayansi amekubali kutupa daftari moja, nalo litawekwa katika maktaba, rafu ya chini karibu na dirisha. Atakayetazama kiota aandike humo tarehe, saa, mahali na idadi, na aandike jina lake kamili. Ninyi mliomaliza shule, mkikumbuka ndege mliowaona hapa miaka yenu, na mwezi waliofika, tuandikieni. Nasi tutayaingiza.